Msingi Hausifiwi na Mtu

Anayesifu nyumba aghalabu husifu mlango wenye nakshi; msingi hausifiwi na mtu. Ndivyo ilivyo katika sarafu za kidijitali. Wanaozungumzwa ni waliotajirika na waliotapeliwa, ilhali mafundi husahaulika.

Mmoja wao ni Pieter Wuille, mhandisi wa programu kutoka Ubelgiji. Mwaka 2013 alianza kuandika libsecp256k1, maktaba ya programu inayohakiki saini za kidijitali, ili ithibitike kwamba atumaye fedha ndiye mwenyewe. Akisaidiwa na wenzake, kazi hiyo ilikomaa, na mwaka 2016 ikaanza kutumika kuhakiki saini katika Bitcoin Core toleo la 0.12, badala ya OpenSSL. Katika kompyuta nyingi za kawaida, kasi ya kuhakiki saini iliongezeka zaidi ya mara tano. Nayo ni programu huria: yeyote aweza kuisoma, kuikosoa na kuitumia bila malipo. Hata watunzi wa programu za Ethereum, mtandao mwingine kabisa, wameitumia.

Sisi wanaisimu twaifahamu hali hii. Kiswahili hakina mmiliki, lakini kamusi haijiandiki. Mali ya wote hudumu kwa kuwa wachache hukesha wakiitunza.

Je, walimu wenzangu, tunawafunza vijana wetu kutumia programu tu, au pia kuzisoma na kuzirekebisha? Asiyeshiriki kujenga msingi asishangae nyumba ikielemea upande asioupenda.