Akili ya Mzee Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mzee aliyepasuliwa moyo huweza kuamka siku ya pili akiwaita wanawe kwa majina ya ndugu waliokwisha kufa, au akang'ang'ania kuchomoa mirija kwa kuamini yuko kituo cha basi. Jamaa hudhani amepatwa na wazimu. Huku ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako madaktari hukuita deliriamu, na huwapata wengi waliovuka miaka 65. Huanza katika siku chache za mwanzo, hupanda na kushuka, na aghalabu huzidi usiku.

Anayenitia wasiwasi zaidi si yule anayeweweseka kwa kelele, bali anayenyamaza. Husinzia mchana kutwa, hujibu kwa neno moja, hataki chakula. Nasi husema anapumzika. Chini ya ukimya huo huenda pana maambukizi, upungufu wa oksijeni, maumivu yasiyotulizwa au dawa za usingizi zilizozidi. Ndugu anayemjua ndiye wa kwanza kugundua kwamba baba si yule wa jana. Amwambie muuguzi papo hapo, asingoje daktari apite asubuhi.

Kupungua kwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri kwa miezi ni jambo jingine. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 261 waliopandikiziwa mishipa ya moyo. Walipotoka hospitalini, asilimia 53 walikuwa wameshuka. Baada ya miezi 6, asilimia 24. Baada ya miaka 5, asilimia 42. Takwimu hizo zilitisha, na lawama ikaiangukia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Lakini uchunguzi ule haukuwa na kundi la kulinganishia. Watafiti wengine walipowafuatilia pia wagonjwa wa moyo wasiopasuliwa, waliona kuwa baada ya miaka kadhaa nao hupungukiwa kwa kiasi kinachokaribiana. Mishipa iliyoziba moyoni mara nyingi ina wenziwe ubongoni, na shinikizo la damu na kisukari huuchakaza ubongo hata pasipo kisu. Kwa hiyo sioni haki ya kumnyima mzee upasuaji anaouhitaji kwa hofu ya kusahau.

Apimwe kumbukumbu kabla ya kupasuliwa, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Akiisha kuamka arudishiwe miwani na kifaa chake cha kusikia, aachwe alale usiku, atembezwe mara tu anaporuhusiwa. Hati za nyumba, mirathi na benki zisipelekwe kitandani kutiwa sahihi hadi daktari aridhike kuwa fahamu zake zimetulia.