Jengo refu kando ya nyumba za wazee: andika mapema

Jiji la Stockholm lina mpango wa kuongeza nyumba Hagsätra na Rågsved. Nyumba zinahitajika, wengi wetu tuko kwenye foleni. Lakini jengo refu likipangwa kando ya nyumba za wazee, majirani huuliza: jua litafika kwenye roshani zao? Mzee anayetembea na kigari atapita wapi wakati wa ujenzi?

Sheria ya mipango na ujenzi ya 2010 inawapa nafasi ya kusema. Jiji hutayarisha mpango wa eneo, uitwao detaljplan. Kwa kawaida maoni huombwa mara mbili: kwanza samråd, kisha granskning. Si lazima uwe raia wala mwenye nyumba. Mpangaji pia ana haki.

La muhimu ni kuandika. Kulalamika mkutanoni peke yake hakutoshi. Anayeweza kukata rufaa ni jirani anayeguswa na mpango, aliyetuma maoni ya maandishi kabla granskning haijafungwa, na maoni hayo yasikubaliwe. Rufaa hupelekwa kwa jiji ndani ya wiki 3 tangu uamuzi utangazwe kwenye ubao wake, kisha husikilizwa na mahakama ya ardhi na mazingira.

Taja jina lako, anwani, namba ya mpango na sababu zako moja moja: kivuli, kelele, njia. Kiswidi kikikushinda, njoo na barua ofisini kwetu. Na umpigie hodi jirani yako mzee. Huenda naye amepata barua hiyohiyo.