Kutoka Daftari la Bibi Hadi Ramani ya Ukoo

Nyumba nyingi za watu wetu hapa Ghuba zina daftari lililotoka Unguja, Pemba au Mombasa: nani kazaliwa lini, nani kaoa wapi, nani kahamia Maskati mwaka gani. Mara nyingi anayelielewa ni mzee mmoja tu. Akishaondoka, wanaobaki huona majina, hawaoni yanavyoungana.

Programu za akili mnemba, kama ChatGPT, zinaweza kuyageuza maandishi hayo kuwa ramani. Kila mtu, mji na tukio huwa duara, na mistari huonyesha uhusiano wao. Programu huvunja sentensi vipande vitatu: huyu, uhusiano, na yule. Chukua mfano tunaoujua: "Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844." Hapo hutoka Salme – binti wa – Sayyid Said, na Salme – alizaliwa – Unguja. Ongeza kwamba Barghash ni mtoto wa Sayyid Said, na ramani itakuonyesha kuwa hao ni ndugu kwa baba, hata kama hakuna ukurasa uliosema hivyo.

Faida iko hapo, na hatari iko hapo hapo. Salme alitoa kitabu chake mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete; programu inaweza kumfanya watu wawili. Khalid bin Said, aliyefariki 1854, na Khalid bin Barghash wa vita vya 1896, inaweza kuwafanya mmoja. Katika "Said bin Sultan" inaweza kudhani Sultan ni cheo, kumbe ni jina la baba yake. "Ndugu" wetu aweza kuwa wa tumbo moja au binamu, na "mama mkubwa" ikamgeuza mama mzazi. Kwetu hili si dogo: nasaba ndiyo inayoamua nani maharimu wako na nani mrithi. Na ramani ikipendeza, watoto huiamini pamoja na makosa yake.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kila mtu mwandikie waraka wake: jina lake, la baba, la babu, na mji. Daftari la khati za Kiarabu alisome mzee, nawe umrekodi kwa simu.

2. Iambie programu: "Toa uhusiano uliotajwa tu, na kila mmoja uandikie ukurasa ulikotoka. Majina yanayofanana usiyaunganishe, niulize. Usijaze kisichoandikwa."

3. Pitia mstari kwa mstari pamoja na wazee. Wenye shaka utie alama ya kuuliza.

4. Hifadhi katika programu kama Obsidian. Huweka maandishi ndani ya kompyuta yako, na huchora ramani kutokana na majina uliyoyatia ndani ya mabano ya mraba mawili mawili. Mistari yake haina maelezo, kwa hiyo uhusiano uandike ndani ya waraka.

Usipeleke kwenye intaneti nambari za pasipoti, hati za nyumba, habari za talaka wala ugomvi wa mirathi. Walio hai waombe ruhusa kwanza.

Anza na kurasa mbili tu, Ijumaa hii, bibi akiwa amekaa pembeni yako. Ramani inaweza kungoja. Maelezo yake hayangoji.