Kichwa cha Treni ya Mfano Kilie Kama cha Kweli (Sehemu ya Pili)

Mtu akinunua kichwa cha treni ya mfano chenye spika ndani, kitu cha kwanza anachotaka kugusa ni sauti. Ingefaa akiguse mwisho. King'amuzi kilichomo ndani ya kichwa hufuata mwendo wa mota ndipo kiamue mvuke upumue kwa nguvu gani, na mota isiyotulia haiwezi kuzaa sauti iliyotulia.

Sehemu iliyopita ilieleza jinsi amri zinavyosafiri relini pamoja na umeme, kwa mfumo ulioanzia katika kampuni ya Lenz ya Ujerumani na baadaye kuwekewa kanuni na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani. Mipangilio ya king'amuzi huhifadhiwa katika vigezo vyenye namba, na kila kigezo hubeba thamani kati ya 0 na 255. Namba 1 ni anwani ya kichwa, namba 3 ni muda wa kushika mwendo, namba 4 ni muda wa kupunguza, na namba 5 ni mwendo wa juu kabisa.

Kinachowasumbua wengi ni anwani ndefu na kigezo namba 29. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi limesimama garimoshi la aina ya Garratt namba 5918, Mount Gelai, lililoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Mwenye mfano wake atapenda kuuita kwa namba hiyo hiyo, lakini kigezo namba 1 kinaishia 127. Kwa hiyo 5918 hugawanywa kwa 256: huingia mara 23 na kubaki 30. Ile 23 hujumlishwa na 192, ikawa 215, nayo huandikwa katika kigezo namba 17. 30 huenda namba 18. Kisha kigezo namba 29 hupewa 34, yaani 32 ya kuruhusu anwani ndefu na 2 ya hatua 28 au 128 za mwendo. Ukiongeza 4, kichwa kitakubali pia umeme wa mfumo wa zamani. Ni afadhali kuiacha, kwani hitilafu katika umeme wa relini yaweza kukifanya kichwa kikimbie chenyewe bila kusikia amri. Rimoti nyingi za siku hizi hupiga hesabu hii zenyewe, ila anayeijua hapati shida kutafuta kosa lilipo.

Kazi ya kuandika na kusoma vigezo hufanyiwa kwenye kipande cha reli kilichotengwa. Mtambo unaotuma amri huuliza swali, na king'amuzi hujibu ndiyo kwa kuvuta umeme wa angalau miliampea 60 kwa muda wa takriban milisekunde 6. Kwa kuwa mara nyingi umeme huo hupitia kwenye mota, mtazamaji huona kichwa kikishtuka kidogo, mara baada ya mara, hadi thamani yote isomwe. Kapasita ya kuhifadhi umeme inaweza kuvuruga majibu hayo. Hapo rimoti itadai hakuna kichwa, kumbe kipo kizima.

Sasa mwendo. Kigezo namba 3 kikiwa sifuri, kichwa huruka mara tu kinapoamriwa, na sauti ya kuvuta mzigo haipati nafasi ya kusikika. Kwa kanuni ya NMRA, thamani ya 40 huchukua kama sekunde 36 kutoka kusimama hadi mwendo wa juu. Muda huo ndio unaoipa injini uzito, na hakuna marekebisho mengine yanayoleta tofauti kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Halafu pumzi za mvuke. Injini ya kawaida ya silinda mbili hupumua mara nne kila magurudumu makuu yanapozunguka mara moja. Bandika karatasi ndogo kwenye gurudumu, endesha kwa hatua ya kwanza, uhesabu. Katika ving'amuzi vya LokSound vya ESU pumzi hizo hurekebishwa kwa vigezo namba 57 na 58. Katika ZIMO ni namba 267. Garratt ni jambo jingine kabisa: lina injini mbili chini ya bwela moja, zisizofungamana, hivyo mapigo yake hukutana, huachana, kisha hukutana tena. Ukilitilia sauti ya injini moja, sikio lililozoea litakataa mara moja.

Baada ya hayo yote ndipo sauti ipunguzwe. Sauti kuu iko namba 63 kwa LokSound, ambayo kikomo chake ni 192, namba 266 kwa ZIMO, na namba 128 kwa Tsunami za SoundTraxx. Kichwa cha kipimo cha HO ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Kisisikike chumba cha pili. Shusha sauti kuu kwanza, kisha honi peke yake kama bado inatisha.

Kabla ya kubadili thamani yoyote, andika ile ya zamani kwenye daftari. Katika ving'amuzi vingi, kuandika 8 katika kigezo namba 8 hurudisha mipangilio ya kiwandani, lakini hufuta pia kila ulichokirekebisha. Sehemu ijayo itahusu spika na kasha lake.