Quintino Sella: Waziri wa Fedha aliyepandisha wasee mlimani, kisha akapandisha na bei ya unga

Waziri wa Fedha akianza kuongea kuhusu kodi mpya, wengi wetu tungependa apelekwe mbali, ikiwezekana juu ya mlima, na aachwe huko. Italia walikuwa na mmoja ambaye alikuwa anajipeleka mwenyewe.

Jamaa anaitwa Quintino Sella. Alizaliwa 1827 karibu na Biella, kaskazini mwa Italia, kwenye familia ya watengenezaji wa vitambaa vya sufu, kwa hivyo doo haikuwa shida. Alisomea uinjinia Turin, akaenda Paris kusomea mambo ya migodi, akarudi kufundisha. Mawe ndiyo ilikuwa dunia yake, na hadi leo kuna madini yanaitwa sellaite kwa heshima yake. Siasa ilimnasa baadaye, na mwaka wa 1862, akiwa na miaka 34 tu, akakabidhiwa Wizara ya Fedha.

Italia yenyewe ilikuwa bado mtoto mchanga. Iliunganishwa 1861 kutoka vijinchi kadhaa, ikazaliwa na madeni ya vita hadi shingoni. Mtu wa kaskazini na wa kusini walikuwa hawaelewani hata kwa lugha.

Sasa kuna mlima unaitwa Monviso, mita 3,841, ambao ukiwa Turin siku haina mawingu unauona hivi. Agosti 1861 kilele chake kilifikiwa mara ya kwanza, na waliofika ni Waingereza wawili na waelekezaji wao kutoka Chamonix. Waingereza walikuwa wamejipanga tangu 1857 na chama chao cha London. Wataliano walikuwa wanaangalia tu wageni wakija kupanda milima yao na kuandika historia. Kwa Sella, hiyo ilikuwa aibu ya taifa.

Tarehe 12 Agosti 1863, akiwa kwa sasa nje ya uwaziri, akapanda Monviso na kikosi cha Wataliano watupu. Hapo angalia akili yake: mmoja wao, Giovanni Barracco, alikuwa mbunge kutoka Calabria, kule chini kabisa kusini. Msee wa kusini na wasee wa kaskazini wakisimama kilele kimoja, hiyo ni picha ambayo hotuba mia za bungeni haziwezi kukupa.

Aliposhuka aliandikia rafiki yake Bartolomeo Gastaldi, mtaalamu wa mawe kama yeye, barua ndefu akisimulia safari yote na kuuliza mbona Italia isiwe na chama chake. Majibu hayakukawia. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo huo walikutana kwenye kasri la Valentino, Turin, na Club Alpino Italiano ikazaliwa.

Chama kilisaidia nini? Mambo ya kawaida kabisa, lakini bila hayo mlima unakumaliza. Walijenga vibanda vya kulala huko juu, cha kwanza kikiwa Alpetto chini ya Monviso mwaka wa 1866. Wakapanga mambo ya waelekezaji na wakachapisha taarifa za njia. Leo kina zaidi ya wanachama 300,000.

Mwaka wa 1865 Sella alikuwa amerudi Fedha na bado akili iko mlimani. Aliungana na Felice Giordano kupanga kimya kimya Mtaliano awe wa kwanza juu ya Matterhorn, wakitegemea mwelekezaji hatari wa pale, Jean-Antoine Carrel. Mwingereza Edward Whymper akashtuka kwamba amechezwa, akakimbia upande wa Uswisi, akakusanya watu chapchap na kufika juu tarehe 14 Julai. Lakini wakati wa kushuka wanne wa kikosi chake walianguka na kufa, akiwemo Michel Croz, aliyekuwa ameshafika Monviso na wale Waingereza wa 1861. Carrel alifika kilele siku tatu baadaye.

Sasa tukuje kwa unga. Mwaka huo huo wa 1865 Sella alipendekeza kodi ya kusaga nafaka. Ikapita baadaye chini ya waziri mwingine, ikaanza Januari 1869, na Sella aliporudi ofisini mwaka huo akaikusanya bila huruma. Wakati mmoja ilikuwa lira 2 kwa kila kilo 100 za ngano, na vinu vikawekewa mashine ya kuhesabu mizunguko ya jiwe. Yaani poshomili yenu imefungwa mita. Maskini ndio walilipa zaidi, maana mkate ndio ulikuwa chakula chao chote. Mashambani kuliwaka, jeshi likatumwa, na zaidi ya watu 250 wakauawa. Ni kweli bajeti ilikuja kusawazika mwaka wa 1876, lakini kwangu hiyo hesabu haifuti hao watu. Mkenya yeyote aliyekuwa macho Juni 2024 hahitaji kuelezwa unga na kodi vinaweza kufanya nini.

Kodi hiyo ilikufa kabisa Januari 1884. Sella mwenyewe akafariki Machi mwaka huo, Biella.

Ukoo haukuacha milima. Mpwa wake Vittorio Sella, aliyepanda Matterhorn na Carrel wakati wa baridi kali Machi 1882, akawa mmoja wa wapiga picha wakali zaidi wa milima duniani. Mwaka wa 1906 alikuja huku kwetu na Mtawala wa Abruzzi: wakashuka Mombasa, wakapanda treni hadi ziwani, wakavuka kuelekea Uganda na kufika Ruwenzori, ambako walifikia kilele cha Margherita, mita 5,109. Ukienda huko leo, kwenye mlima wa Luigi di Savoia, kuna kilele kinaitwa Sella.