Pera na terere: Kipi kinamfaa zaidi mtoto?

KWA familia nyingi za kipato cha chini katika mtaa wa Kipsongo, viungani mwa mji wa Kitale, suala la lishe huamuliwa jioni kwa sarafu chache zilizosalia mfukoni. Mama hujiuliza iwapo anunue fungu la mboga la kulia ugali, au apunguze mboga ili watoto nao wapate matunda. Aghalabu mboga hushinda. Tunda huhesabiwa kuwa kitu cha kumliwaza mtoto, wala si chakula.

Je, uamuzi huo una msingi wowote kwa mizani ya lishe? Ili kulijibu swali hilo, inafaa kulinganisha vyakula viwili ambavyo mkazi yeyote wa eneo hili anavifahamu, kuanzia Kitale, kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma. Cha kwanza ni pera, tunda ambalo mti wake huota hata kwenye nyua na kando ya njia bila kupandwa na mtu. Cha pili ni mchicha, ambao wengi nchini huuita terere na wakazi wa magharibi mwa Kenya huuita dodo.

Swali hili lina uzito wa pekee katika kaunti ya Trans Nzoia, ambayo inasifika kuwa mojawapo ya maghala ya mahindi nchini. Tumbo la mtoto laweza kujaa ugali kila siku na bado mwili wake ukakosa madini na vitamini unavyohitaji. Wataalamu huiita hali hiyo njaa iliyofichika. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu virutubishi uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba wanawake wajawazito 4 hivi kati ya kila 10 walikuwa na upungufu wa damu, na vivyo hivyo zaidi ya robo ya watoto wa umri wa chini ya miaka mitano. Moja ya sababu kuu za upungufu huo ni uhaba wa madini ya chuma mwilini.

Mizani inasemaje

Tuanze na pera. Gramu 100 za pera bivu huwa na takriban miligramu 228 za vitamini C. Kiasi hicho ni mara nne ya kile kinachopatikana katika uzito huohuo wa chungwa, ingawa ni chungwa ndilo lililojijengea jina. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yanapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini hiyo kwa siku, na mtoto mdogo miligramu 30. Kwa hivyo, pera moja la wastani, lenye uzito wa gramu 50 na ushei, hutosheleza mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima na kubakisha. Bila shaka viwango hivi hubadilika kulingana na aina ya tunda, udongo lilikokua na kiwango cha kuiva.

Pera pia lina nyuzinyuzi nyingi, takriban gramu 5 katika kila gramu 100, ambazo husaidia usagaji wa chakula na kuzuia kufunga choo. Nishati yake ni kilokalori 68, nyingi zikitokana na sukari ya asili.

Hata hivyo, lina upungufu wake. Madini ya chuma yaliyomo hayafiki hata theluthi moja ya miligramu katika gramu 100, na kalsiamu ni miligramu 18 pekee. Mama anayetarajia pera peke yake limwongezee mtoto damu atangoja sana.

Sasa tuitazame terere. Gramu 100 za majani mabichi huwa na takriban miligramu 2.3 za chuma, yaani zaidi ya mara saba ya pera. Kalsiamu ni miligramu 215, takriban mara kumi na mbili. Vitamini A, ambayo hulinda macho na kuimarisha kinga ya mwili, ni mikrogramu 146 dhidi ya 31 za pera. Aidha, terere ina foleti nyingi zaidi. Hiki ni kirutubishi anachohitaji sana mama mjamzito ili mtoto aliye tumboni aumbike vyema.

Kwa upande wa vitamini C, terere mbichi ina miligramu 43 hivi, chini ya moja kwa tano ya pera. Nishati yake ni ndogo pia, kilokalori 23 tu.

Ukiishia hapo, waweza kusema mama aliyechagua mboga hakukosea, kwani terere inalishinda pera katika mambo mengi isipokuwa vitamini C. Lakini takwimu hizo zinaeleza kilichomo ndani ya chakula, hazielezi ni kiasi gani mwili hufanikiwa kukichukua. Hapo ndipo pera linapopata nafasi yake.

Chuma kilichofungwa

Madini ya chuma huja kwa namna mbili. Chuma kinachotoka katika nyama, maini, samaki na damu hufyonzwa na utumbo kwa urahisi. Chuma kinachotoka katika mimea huwa katika umbo ambalo utumbo hupata taabu kulipokea, na sehemu kubwa hupita na kutoka mwilini bila kutumika. Isitoshe, mahindi na maharagwe yana kemikali ziitwazo faiteti ambazo hukishika chuma hicho na kuzidi kukizuia.

Jambo hili linaigusa Kipsongo moja kwa moja. Mtaa huo umekuwa makazi ya familia nyingi za asili ya Waturkana zilizohama kutoka kaskazini kwa sababu ya ukame na wizi wa mifugo. Chakula cha jadi cha jamii hiyo ya wafugaji kilikuwa maziwa, nyama na damu. Mtu aliyekulia kwenye mlo huo hakuwa na haja ya kujiuliza atapata wapi chuma. Familia inapopoteza mifugo na kuhamia mjini, mlo hugeuka na kuwa ugali na mboga. Chuma kinaweza kuonekana kipo sahanini, lakini sasa ni kile cha mimea, tena kinaliwa pamoja na mahindi yanayokizuia.

Vitamini C ndiyo inayokifungua chuma hicho. Inapokutana nacho tumboni, hukibadilisha umbo na kukifanya kiwe chepesi kufyonzwa. Majaribio yaliyofanywa kwa mlo mmoja mmoja yameonyesha kwamba kuongeza vitamini C kwenye chakula cha mimea kunaweza kuzidisha ufyonzaji wa chuma mara mbili au zaidi. Kwa mlo mchanganyiko wa siku nyingi faida hiyo huwa ndogo kuliko hapo, lakini kwa mtu ambaye mlo wake hauna nyama, kila kidogo kina maana.

Sharti ni kwamba viwili hivyo vikutane tumboni kwa wakati mmoja. Pera lililoliwa saa nne asubuhi halitaifaa mboga ya usiku. Linapaswa kuliwa pamoja na chakula au mara tu baada ya kukila.

Vitamini inayopotea jikoni

Huenda msomaji akauliza: iwapo terere ina miligramu 43 za vitamini C, mbona isijifungulie chuma chake yenyewe? Jibu liko jikoni. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Mboga ikichemshwa kwa muda mrefu katika maji mengi, kisha maji hayo yakamwagwa, nusu au zaidi ya vitamini hiyo huenda nayo.

Magharibi mwa Kenya kuna desturi nyingine inayochangia. Wapishi wengi hutia munyu wa kienyeji, unaochujwa kutoka kwa jivu la mimea mikavu kama vile maganda ya maharagwe, ili mboga ilainike upesi. Munyu huo ni magadi kwa asili yake, na magadi huiangamiza vitamini C. Hapana haja ya kuitupa desturi hiyo ya wazee, ila anayeifuata ana sababu kubwa zaidi ya kuweka tunda kando ya sahani.

Chai nayo ni kikwazo. Tanini zilizomo katika majani ya chai hukishika chuma cha mimea na kukizuia. Ni heri kikombe cha chai kisubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Njia bora ya kupika terere ni kuiosha kabla ya kuikatakata, kutumia maji machache, kufunika sufuria na kuiondoa motoni mapema. Mafuta kidogo ya kupikia yanafaa, kwa kuwa vitamini A ya mboga hufyonzwa vyema penye mafuta.

Mboga zetu za kienyeji zilidharauliwa kwa miaka mingi na kuitwa chakula cha maskini. Utafiti wa wanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) umesaidia kuzirejeshea heshima. Pera bado halijapata mtetezi wa kiwango hicho, pengine kwa sababu linaota lenyewe na kuoza chini ya mti likitazamwa.

La kufanya

Kwa mlezi mwenye sarafu chache, ushauri ni kutotafuta mshindi. Anunue mboga kama kawaida, kisha ahakikishe kila mtoto anapata pera moja, au hata nusu, wakati wa chakula. Msimu wa mapera ukipita, papai, chungwa au pasheni hufanya kazi hiyohiyo. Pasipo na tunda lolote, limau likamuliwe juu ya mboga baada ya kuepuliwa, wala si ikiwa ingali motoni.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee. Baada ya umri huo anaweza kupewa pera bivu lililopondwa na kuchujwa, kwa maana mbegu zake ni ngumu na huenda zikamkaba. Matunda na mboga vioshwe kwa maji safi.

Ikumbukwe vilevile kwamba upungufu wa damu una sababu nyingine, zikiwemo malaria na minyoo. Mtoto aliyepauka, anayechoka ovyo au kukosa hamu ya kula apelekwe kliniki, na mama mjamzito asiache vidonge vya chuma anavyopewa huko kwa kutegemea mboga.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Terere ina chuma lakini haiwezi kukitoa chote, na pera lina uwezo wa kukifungua lakini halina chuma cha kutosha. Mtoto anayepewa kimoja na kunyimwa kingine hupata nusu ya faida kwa gharama ambayo tayari imelipwa.