Kidonge na Sahani

Mzee mwenye ugonjwa wa sukari akifika kituo cha afya huulizwa, "Koko, dawa umemeza?" Hujibu ndiyo, na mara nyingi ni kweli. Asiloulizwa ni hili: jana jioni ulikula na nani?

Bwegera, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Uvira na Bukavu, si mahali pa njaa kwa asili yake. Bonde la Ruzizi hutoa mpunga, mahindi na mihogo. Ila vijana wengi huondoka kutafuta maisha mjini au kwenye machimbo ya dhahabu, na Desemba 2025, vita vilipoteremka bondeni hadi Uvira, watu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi. Katika ukimbizi, wa mwisho kuondoka ni asiyeweza kutembea. Abakiye peke yake hupika kidogo, au hapiki kabisa. Nani awashe moto kwa bugali wa mtu mmoja?

Hapo ndipo dawa inapogeuka hatari. Glibenklamidi, kidonge cha sukari cha bei nafuu, hulisukuma kongosho litoe insulini, tumbo liwe na chakula au liwe tupu. Ukimeza bila kula, sukari hushuka mno: jasho, kutetemeka, maneno kuvurugika, mwisho kuzimia. Majirani husema ni uzee, au amerogwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba dawa hii haiwafai wenye umri zaidi ya miaka 60.

Kwa tansio, yaani shinikizo la damu, upweke huharibu kwa njia nyingine. Tansio kwa kawaida haiumi. Kichwa kikitulia, koko huweka vidonge kando, na hakuna wa kumuuliza. Dawa kama atenolol au propranolol zikikatwa ghafla, moyo huweza kwenda mbio na tansio kupanda tena. Mwingine husahau kwamba amekwisha kumeza, akarudia.

Basi usimkataze koko dawa, wala usimwongezee. Kusanya pakiti zake zote, mpeleke nazo kwa muuguzi, uliza kama kuna kidonge salama zaidi kwa umri wake. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, kisha chakula. Hata akipata nafuu, muuguzi ajulishwe siku hiyohiyo, maana sukari inaweza kushuka tena. Akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize kituoni.

Nawe unayepita mlangoni kwa mzee asubuhi, usianze na habari ya dawa. Tazama jiko. Ukikuta majivu yamepoa tangu jana, kidonge cha sukari kingoje: leteni chakula, mle pamoja.